Mchinjaji Tusiyemjua

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi na walimu wa madrasa hapa Kaloleni, Kisumu, Jumapili moja ya mwezi wa Shaabani. Nimeyaandika kwa sababu waliokaa nje ya dirisha walilalamika kwamba feni ilikuwa inanguruma kuliko mimi.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shehe wetu, maalim, mabwana na mabibi, nanyi wanangu mlioko kule nyuma mnaotafuna kitu. Endeleeni kutafuna, nitawafikia. Hicho kilichomo mdomoni mwenu ndicho kilichonileta hapa.

Maalim aliponiomba nizungumze juu ya vyakula vya halali vinavyotoka nje ya nchi, nilimwambia, "Maalim, mimi ni mwuza duka. Fiqhi ni yako." Akanijibu kwamba fiqhi watu wanaisikia kila Ijumaa, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kinachotokea pale kwenye kaunta. Basi mimi nitasema ya kaunta. Nikiteleza kwenye dini, mwenyewe huyu hapa, anirudi mbele yenu, wala sitanuna.

Nimekaa nyuma ya kaunta miaka 23. Nilianzia soko la Kibuye kwenye kibanda cha mabati, kisha nikahamia hapa kwetu. Lakini nataka nianzie mbali kidogo na duka.

Kwao mama yangu ni Mumias. Nilipokuwa mdogo nikipelekwa huko likizo, kulikuwa na jambo moja lililonishangaza, ingawa wenyeji waliliona la kawaida kabisa. Jirani zetu Wakristo wakiwa na harusi au matanga, hawakuchinja ng'ombe mpaka aitwe Mwislamu. Hakuna aliyewalazimisha. Walijua tu kwamba wageni watakuwa mchanganyiko, na hawakutaka mtu akae pembeni na sahani tupu. Basi anakuja mzee na kisu chake mwenyewe, kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia. Anakijaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba. Anafukuza watoto. Anauliza kibla ni wapi, ingawa boma hilo amelizoea miaka arobaini. Anaamuru ng'ombe wa pili aondolewe, asione mwenzake anavyoangushwa. Kisha bismillahi, Allahu akbar, na kazi imekwisha.

Baadaye chakula kikiletwa, mama yangu alikuwa na swali moja tu: "Amechinja nani?" Kulikuwa na jina ambalo likitajwa, mkono unaingia sahanini. Na kulikuwa na jina jingine, Mungu amrehemu mwenyewe, ambalo likitajwa mama anavuta ugali na mrenda, nyama haigusi. Huyo bwana alijulikana kuwa rafiki wa pombe ya busaa, na mama hakuwa na hakika kisu kimeshikwa na nani siku hiyo, yule bwana wa asubuhi au yule wa jioni.

Hicho ndicho cheti cha kwanza cha halali nilichokijua maishani: jina la mtu. Hakikuwa na nambari wala nembo. Kilikuwa na uso, na mke, na watoto tuliosoma nao chuo cha Qur'ani, na mwenyewe akidanganya tungekutana naye Ijumaa safu ya pili.

Sasa chukueni pakiti ya peremende kutoka kwenye rafu yangu. Pembeni pana kiduara kidogo kijani kimeandikwa "halal". Huyo naye ni mchinjaji. Amesimama mahali pa yule mzee wa Mumias, anatuambia, "Kuleni, nimeshaangalia mimi." Tofauti ni kwamba huyu yuko ng'ambo ya bahari, na miaka yote 23 niliyouza duka, wateja walioniuliza jina lake siwezi kujaza nao vidole vya mkono mmoja.

Wanaangalia nini basi? Nitawaambia. Wanaangalia Kiarabu.

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya Idi, bibi mmoja aliingia na mjukuu wake. Ni mtu ninayemheshimu kama mamangu mzazi, kwa hiyo msije mkacheka kwa kumdharau. Alishika pakiti ya biskuti iliyotoka Dubai, akapitisha kiganja juu ya yale maandishi kama mtu anayepangusa vumbi kwenye msahafu. "Hii ni ya kule kwetu," akasema, "nipe mbili." Mimi Kiarabu nakisoma kama tulivyofundishwa chuoni, herufi nazitamka, maana sizipati. Bahati nzuri binti ya maalim alikuwa dukani, na yeye amekisomea. Bibi akamwomba amsomee, apate baraka. Binti akasoma kwa sauti nzuri kabisa, kisha akatafsiri: "Hifadhi mahali pakavu, mbali na jua."

Sheria za Saudi Arabia na nchi za Ghuba zinataka vyakula vinavyouzwa kwao viwe na maelezo ya Kiarabu, ili mnunuzi wao ajue anachonunua. Kiwanda kikiwa Uholanzi, au China, au Brazil, kitaandika Kiarabu kama kinataka soko hilo. Halafu katoni zinapitia Dubai, wafanyabiashara wetu wanazichukua, zinapanda lori Mombasa, zinafika Oginga Odinga Street hapa Kisumu. Hapo dukani kwangu nina betri zenye Kiarabu. Nina shampuu yenye Kiarabu. Nina sumu ya panya yenye Kiarabu kizuri kuliko cha biskuti zile.

Kuna na ile stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inayobandikwa kwenye bidhaa za kutoka nje. Wateja wengine wakiiona wanatulia. Ni vizuri iwepo, maana inasema bidhaa imepita viwango vinavyotakiwa kuingia nchini. Lakini haisemi lolote kuhusu nguruwe wala kuhusu kisu. Nguruwe aliyekaguliwa vizuri na daktari wa mifugo naye anapita viwango.

Mnisamehe, nikifika hapa huwa nachelewa, kwa sababu hapa ndipo nilipopata hasara.

Mjumbe wa muuzaji mmoja wa jumla, simtaji, aliniletea katoni mbili za zile peremende laini zinazovutika, umbo la dubu. Rangi za kuvutia, na nembo ya halali mbele, kubwa, hata mtoto anaiona. Nililipa shilingi 7,400. Usiku ule nilikaa na pakiti moja chini ya taa, nikavaa miwani, nikasoma mgongo wake. Sukari, sharubati ya mahindi, maji, halafu neno hilo: jelatini. Basi. Haikusema ya nani.

Jelatini mnaijua ingawa hamjui kwamba mnaijua. Chemsha makongoro usiku kucha, uache supu ipoe mpaka asubuhi. Utaikuta imeganda, ukitikisa sufuria inacheza. Kile kinachogandisha ndicho jelatini: kinatoka kwenye ngozi, mifupa na mishipa ya mnyama. Viwandani ni vivyo hivyo, ila kwa matangi makubwa. Kule Ulaya sehemu kubwa inatokana na ngozi ya nguruwe, kwa kuwa ngozi hiyo ipo tele. Ipo jelatini ya ng'ombe pia, na ya samaki. Na msiponunua ya nguruwe msikimbilie kushangilia, maana ng'ombe naye tutauliza lile swali la mama yangu. Amechinjwa? Na nani?

Yapo mambo mengine yanayogandisha bila mnyama yeyote. Mwani, kama huo akina mama wa Zanzibar wanaoulima baharini, hutoa kitu cha kugandisha ambacho kwenye pakiti huandikwa E407. Maganda ya machungwa hutoa pektini. Mtengenezaji akitaka, njia ya halali ipo, tena haina taabu.

Asubuhi nikampigia yule mjumbe. Nikamwuliza, "Hii nembo imetolewa na nani?" Akasema, "Mama, si imeandikwa halali?" Nikamwambia naona imeandikwa, namwuliza aliyeandika. Akacheka. Akasema hakuna mwingine aliyewahi kumwuliza, Kisumu nzima. Nilimwamini. Katika hesabu ya watu ya 2019 Waislamu wa Kenya walikuwa 5,152,194, yaani hatufiki 11 katika kila 100, na wengi wetu tuko Pwani, Nairobi na kaskazini mashariki. Sisi wa huku ziwani tu wachache. Muuzaji akisikia kimya, atadhani tumeridhika.

Katoni alikataa kuzirudisha. Basi nikawa na mtihani. Sikuwa na ushahidi kwamba ni haramu, na mtu hatangazi haramu kwa kuota. Nilimwuliza maalim, niwauzie jirani zangu Wajaluo, wao si wanakula? Maalim akanitazama kwa ule mtazamo wake, mnaujua, akasema, "Kitu ulichokiogopa kwa mwanao, utampa mtoto wa jirani kwa bei gani?" Nikarudi nyumbani. Katoni zikakaa chini ya kitanda hadi sisimizi walipozigundua. Wao hawakuuliza cheti.

Tangu hapo nikawa na tabia mpya. Pakiti ikiwa na nembo, natafuta mambo matatu madogo: jina la taasisi, nchi yake, na nambari. Duara tupu lenye neno "halal" bila jina ni kama mtu anayebisha hodi usiku, ukimwuliza nani anasema, "Mimi."

Taasisi zenyewe haziko sawa. Malaysia, kazi hii iko mikononi mwa serikali, idara inayoitwa JAKIM, na wana ukurasa kwenye intaneti ambapo mtu yeyote, hata wewe uliyekaa kwenye mkeka hapo, unaandika jina la bidhaa unaona kama cheti kipo. Indonesia kwa miaka mingi ilikuwa baraza la maulamaa wao, MUI, na kitengo chao cha ukaguzi kilianza 1989. Kisha ikaja sheria nambari 33 ya 2014, serikali ikaanzisha chombo chake, na tangu Oktoba 2024 vyakula vya viwanda vikubwa na vya kati vinavyouzwa huko vinatakiwa viwe na cheti. Hapa kwetu ipo Kenya Bureau of Halal Certification, na nembo yao mmeiona kwenye soseji na maziwa. Huko Ulaya na Marekani hakuna serikali inayotoa cheti, ni jumuiya za Waislamu na kampuni, zingine za watu wazito wenye elimu, zingine ni bwana mmoja na mashine ya kuchapisha.

Na hazikubaliani kila jambo. Wapo wanaoruhusu kuku apigwe umeme kidogo azimie kabla ya kisu, mradi angali hai. Wapo wanaokataa katakata. Wapo wanaokubali mashine ichinje huku mtu akisoma bismillahi, na wapo wanaosema kila kuku na mkono wake na tasmia yake, yaani kutajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo ukiniuliza, "Mama, hii ni halali?" mimi nakuuliza, kwa cheti cha nani?

Jambo moja huwashangaza watu nikilisema dukani. Hakuna nchi inayouza kuku wengi nje kuliko Brazil. Mahujaji wetu wakienda Makka, wakarudi wakisifu kuku waliokula, huenda kuku yule alitoka Brazil, nchi ya Wakatoliki, akachinjwa na Mwislamu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, akasafiri ameganda kama jiwe. Sisemi ni vibaya. Nasema yule bibi yangu alidhani nchi ya Kiislamu ndiyo inayolisha nchi ya Kiislamu, na biashara haikwenda hivyo.

Wala nchi ya Kiislamu haikingi kila kitu. Mwezi wa Desemba 2020 Malaysia yenyewe, hiyo hiyo ya JAKIM, ilitikisika ilipogundulika bohari huko Johor lenye nyama iliyoingizwa kinyemela ikabandikwa mihuri bandia ya halali. Watu walilalamika sana. Ndugu zangu, mhuri ukiwa na thamani, kuna atakayeuchonga.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Indonesia, 2001. Kiungo cha Ajinomoto, ile chumvi ya kuongeza ladha, kilikuwa na cheti. Kinatengenezwaje? Kuna bakteria wanaolishwa sukari, wao wanatoa ile ladha. Bakteria hao wenyewe wanatunzwa kwa chakula chao, na chakula hicho kilitengenezwa kwa soya iliyovunjwavunjwa kwa kimeng'enya kilichotoka kwenye kongosho la nguruwe. Mmeona umbali huo? Nguruwe hayumo kwenye pakiti. Hayumo hata kwenye bakteria. Yumo jikoni mwa chakula cha bakteria. MUI wakasema haramu, bidhaa ikaondolewa madukani nchi nzima. Rais wao wakati huo, Abdurrahman Wahid, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachuoni aliyeongoza jumuiya kubwa kuliko zote nchini, akasema yeye anaona ni halali, kwa maana kilichofika mezani hakina nguruwe. Maulamaa na rais, na wote wamesoma. Kiwanda kikabadilisha njia yake.

Mimi siamui kati yao, nina duka la kufungua kesho. Ninachokipenda ni kwamba kulikuwa na mtu aliyekwenda kuuliza bakteria anakula nini. Huyo ni mama yangu kabisa, na ugali wake na mrenda.

Sasa wanangu wa kule nyuma, nimewafikia. Nyinyi ndio mnaotuletea orodha kwenye WhatsApp: "Tahadhari! Kila chakula chenye herufi E kina mafuta ya nguruwe! Sambaza kwa watu kumi, usipofanya hivyo umemsaidia adui." Mwaka jana orodha hiyo ilipita hapa mtaani, na kwa wiki mbili sikuuza hata chupa moja ya sharubati, kwa sababu ya E330. E330 ni asidi ya sitriki, ule ukali ulioko kwenye ndimu. Viwandani inatokana na ukungu unaolishwa sukari au molasi, molasi kama hiyo ya viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil mnayoisikia harufu mkipita. E300 ni vitamini C. Mlikuwa mnakimbia chungwa.

Za kuangaliwa zipo, tena kwa jicho kali. E471 ni mafuta yaliyotengenezwa ili maji na mafuta yakae pamoja kwenye mkate, keki na aiskrimu. Yanaweza kuwa ya mawese au soya, na yanaweza kuwa ya mnyama, nambari ni ile ile. E120 ni rangi nyekundu inayosagwa kutoka kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye kakati, wengi wao Peru, na hapo wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya kula wadudu. Na rafiki yangu jelatini kwa kawaida huandikwa kwa jina lake, ingawa zile orodha humwita E441. Hizo tatu mkizijua kwa moyo, mtanisaidia kuliko hiyo orodha ya nambari mia mbili.

Kuogopa kila kitu nako kunaharibu. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, amepokea kwamba watu walimwambia Mtume, rehema na amani zimfikie, kuna watu wapya katika Uislamu wanatuletea nyama, hatujui wametaja jina la Mwenyezi Mungu au hawakutaja. Akawaambia hao waliouliza wataje wenyewe, kisha wale. Na yapo yale mapokezi ya Nuuman bin Bashir, kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yapo ya kutatiza, anayeyaepuka amelinda dini yake. Nimewauliza walimu jinsi mambo haya mawili yanavyokaa nyumba moja. Maalim aliniambia, na asahihishe kama nimemsikia vibaya, kwamba la kwanza ni la kumdhania mema Mwislamu aliyeko mbele yako, la pili ni la kujichunga nafsi yako. Kiwanda cha mbali kiko upande gani hapo? Aliniambia hilo nimwache alifikirie. Ni miezi mitano sasa.

Nije kwenye samaki, maana huwezi kusema chakula Kisumu ukaruka samaki.

Samaki hahitaji kisu wala tasmia ya mchinjaji. Aya ya 96 ya Suratul Maida imetuhalalishia mawindo ya majini. Kwa hiyo samaki wa China, yule ngege wa kwenye katoni, aliyeganda, mnayemtukana kila siku Kibuye, ni halali hata kama hana nembo ya mtu. Lakini nani kati yenu anamtaka? Mama mmoja aliyekaa hapa mbele aliwahi kuniambia hata akipewa bure na mafuta ya kukaangia juu, hamchukui. Mnamfungua shavu, mnatazama yale matamvua kama ni mekundu, mnambonyeza tumbo, mnanusa, mnauliza amevuliwa lini, amelishwa nini huko kwenye mabwawa, amelala barafuni miezi mingapi. Mna haki. Qur'ani haikusema "halali" ikanyamaza, imesema kuleni vilivyo halali na vizuri, maneno mawili yamefungwa pamoja. Hilo la pili mnalisimamia vizuri sana kwa samaki.

Ila macho hayo hayo yanayofungua shavu la ngege, yakifika kwenye rafu ya peremende, yanasinzia. Pale kiduara cha kijani kinatosha.

Na sisi wenyewe tumewahi kuulizwa hivyo. Wazee wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipofunga mlango mara kwa mara kwa samaki wa ziwa hili. Mara ni vijidudu, mara ni kipindupindu, mara ni wavuvi wanaotumia sumu. Tuliumia. Mbuta walikosa soko, viwanda vikapunguza watu, na nyumba ngapi hapa zilikula omena asubuhi na jioni. Lakini mnunuzi wa mbali alisema, "Sili mpaka nijue," na viwanda vyetu vikajenga upya, vikaweka maabara, vikaandika kila boti imetua wapi. Mlango ukafunguliwa 2000. Mtu wa Ulaya alituuliza sisi hayo yote kwa kipande cha mbuta. Sisi kwa dubu wa jelatini hatujamwuliza neno.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo nitalisema haraka kwa kuwa mwenye bucha yupo humu. Kijana alikuja kwangu akataka soseji. Nikampa za hapa nchini, zenye nembo ya Kenya ambayo simu yake naijua. Akageuza pakiti, akasema, "Hizi za hapa siziamini, mama. Nipe zile za kopo, za nje." Bucha iko hatua hamsini kutoka kwangu, na mchinjaji wake anaswali na kijana yule msikiti mmoja. Anayemwona kila siku hamwamini, asiyemwona kamwe amemwamini kwa sababu kopo linang'aa. Mwenye bucha, usikasirike, wewe nawe ukioga mapema na kubadilisha ile aproni watu watarudi.

Nimejaribu kuandika barua. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu ndiye anayechapa, mimi nasema. Pakiti ya kwanza ilikuwa ya jeli ya unga, ina jina la taasisi na nambari. Tuliandika Jumatatu. Ijumaa jibu likaja, fupi, la adabu: ndiyo, nambari ni yetu, kiwanda ni hicho, jelatini ni ya ng'ombe waliochinjwa kwa sharti letu, cheti kinaisha mwezi huu wa mwaka huu. Nilimwambia mjukuu alichapishe, nikalibandika ukutani nyuma ya mizani. Nawaambieni, wateja wanalisoma. Jirani yangu mmoja Mjaluo, mwenye kuuza mboga, alilisoma lote, akaniuliza kama naweza kumwandikia na yeye, anataka kujua mafuta anayonunua yametoka wapi. Tunaandika wiki ijayo, akipata nafasi.

Pakiti ya pili tuliiandikia mara mbili. Anwani ipo, jina lipo, mtu hajibu.

Maalim ananionyesha saa, na adhuhuri imekaribia. Pale mezani nimepanga pakiti kumi na moja kutoka kwenye rafu zangu, na lenzi moja ya kusomea maandishi madogo, mali ya marehemu mume wangu, kwa hiyo msiigombanie. Mkiipata nambari, mwambieni mjukuu aiandike kwenye daftari. Tende msisumbuke nazo, tende ni tende, iwe ya Madina au ya Turkana. Ile pakiti ya kijani pembeni msiifungue. Ni wiki ya sita leo, bado nangoja wanijibu.